Sahani Tatu za Bi Mizani

Pale ofisi ya maji kila mtu alimwita Bi Mizani, hata mkurugenzi, na wengi walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Aliingia maabara kama mwosha vyombo, elimu yake darasa la saba. Miaka kumi na tisa ya kusugua sahani na kutega sikio ilimtosha kujifunza kazi, hatimaye wakamwachia mizani yenyewe, ile ndogo ya ndani ya kisanduku cha kioo, inayohesabu hata vumbi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukausha maji. Aliyachuja, akayapima, akayatia kwenye sahani ya kauri na kuyaweka kwenye oveni mpaka yaishe yote. Ganda jeupe lililobaki chini ndilo chumvi na madini yaliyokuwa yameyeyuka humo. Mumewe, fundi cherehani, hakuchoka kumtania: "Mke wangu anapika maji mpaka yanaungua, na bado analipwa!"

Kisha akaja mhandisi mpya na kipimo cha mkononi cha chumvi ya majini. Unakichovya, unahesabu moja, mbili, tatu, namba hiyo hapo. Kisima kirefu kilikuwa kimechimbwa kwa ajili ya mtaa wenye kaya mia nne, na kipimo kikasema miligramu mia tatu na kumi kwa lita. Maji matamu hayo. Ufunguzi ukapangwa Ijumaa.

Jumatatu Bi Mizani aliletewa chupa ya maji yale ili fomu ijazwe tu. Akaonja tone moja. Akatema. Akajaza sahani tatu.

Alizipima zilipokauka, akazirudisha motoni, akazipima tena, mpaka uzito ukagoma kushuka. Zote tatu zilisema lilelile: miligramu elfu mbili na mia tatu kwa lita. Akaifuata ofisi ya mhandisi bila hata kuvua koti la maabara.

"Mhandisi, maji haya si ya kunywa."

"Mama yangu, mashine hii imetoka kiwandani juzi."

"Na mimi nimetoka maabara sasa hivi."

Mkurugenzi, aliyekuwa akipita koridoni, aliangua kicheko, kisha akauona uso wa Bi Mizani na kukikatisha. "Haya, tuthibitishie," akasema.

Wakamfuata maabara. Akapima gramu moja kamili ya chumvi, akaikoroga kwenye lita moja ya maji yasiyo na kitu.

"Humu mna miligramu elfu moja, nimezitia mkiona. Chovya."

Kipimo kikasoma mia moja thelathini na nne.

Mhandisi akakifuta, akakichovya tena. Namba ileile. Masikio yakamwaka moto, maana hakuwahi kukijaribu kwa maji anayoyajua kabla ya kwenda nacho kisimani. Lakini alikuwa mwungwana.

"Nimekosea, mama. Nifundishe unavyofanya."

Ufunguzi ukafutwa, na lawama zikamwangukia Bi Mizani. Mwenyekiti wa mtaa alimsema mbele ya watu kwamba anawabania maji. Yeye akaendelea na sahani zake. Kisima cha pili kilichimbwa upande wa pili wa kilima, na baada ya wiki kumi na moja chupa yake ikafika mezani: mia tatu na tisini. Kipimo cha mhandisi, sasa kimerekebishwa, kikasema mia tatu tisini na sita. Walipeana mikono kama wafunga goli.

Siku ya ufunguzi mkurugenzi alimkabidhi kipaza sauti, akamtambulisha kwa cheo kipya cha msimamizi wa maabara. Hakuwahi kuhutubia hata kikao cha ukoo.

"Nimepima mara tatu," akasema. "Kunyweni."

Shangwe ikalipuka. Mwenyekiti wa mtaa alipiga makofi kuliko wote, isipokuwa fundi cherehani, aliyekuwa akimvuta kila jirani shati: "Huyo ni mke wangu! Huyo!"

Bi Mizani akafungua bomba, akajaza kikombe, akakigugumia chote pale pale, kisha akajaza cha pili.