Bei ya Kutazama Miguu

Miaka ile ya sabini nilishona sare za shule na kikundi cha kina mama wa kanisa, katika ukumbi mdogo hapa Kisumu. Hatukutafuta faida. Tulitaka tu kila mtoto aingie darasani akiwa na nguo nzima, kwa hiyo bei zetu zilikuwa mbili. Mtu wa Milimani, mwenye gari na ua mpana, alilipa zaidi, na kile alichozidisha kilimpunguzia mtu wa mabanda ya Nyalenda. Mzee mmoja mwenye duka, aliyehamia kutoka Murang'a, alituambia hiyo si biashara, ni sadaka yenye cherehani. Tulimcheka, ingawa vitambaa tulivinunua kwake.

Shida ilikuwa kujua nani ni nani. Kumuuliza mtu kama ni maskini ni kumtukana. Mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye miwani, akavumbua njia yake: alitazama viatu. Viatu vya ngozi, bei ya juu. Akala za tairi au miguu mitupu, bei ya chini. Alijivunia uvumbuzi huo kupita kiasi. Alichosahau ni kwamba mji huu hauna siri. Muhula haukuisha, akala zikawa fasheni Milimani. Magari yaliachwa kule kwenye kona, na mabibi wenye kucha za rangi wakaingia kwetu wakiburuta matairi.

Jumamosi moja kabla ya shule kufunguliwa, bibi wa ofisa mmoja aliingia na akala miguuni, akatajiwa bei ya chini kwa sare ya binti yake. Nyuma yake alisimama mama wa Nyalenda aliyekuwa akimfulia nguo. Huyu alitaka kaptula na shati la mwanawe, maana mwalimu alishasema asiye na sare asije. Miguuni alivaa viatu vyeusi vya ngozi, vyenye visigino.

Mwenyekiti akamtajia bei ya juu.

Yule mama akafungua kitambaa alimofungia pesa, akakifunga tena. "Sina hiyo, Mama."

"Na hii viatu? Ni yako?"

Alimtupia jicho mwajiri wake, ambaye ghafla alipendezwa sana na dari yetu. "Ni yangu," akasema.

Nilitazama chini. Visigino vya bibi vilitokeza nje ya akala, na miguu ya yule mama ilipwaya ndani ya vile viatu vya ngozi. Bibi alikuwa ameazima akala za mfuaji wake asubuhi hiyo, akamwachia viatu vyake.

Mwenyekiti naye aliona. Akavua miwani, akaifuta.

"Badilishaneni kwanza," alisema, "ndio niwaambie bei."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Wakabadilishana pale pale. Bibi akalipa bei yake ya Milimani, akatoka bila kuaga mtu, na yule mama akapata kaptula na shati kwa pesa za kwenye kitambaa. Nilifurahi sana. Niliona haki imetendeka mbele ya macho yangu, tena kwa uchekeshaji.

Jumatatu kijana alienda shule na sare yetu. Jumanne mama yake akaja, akasimama mlangoni, akauliza kama tuna nguo zozote za kufua, maana Milimani aliambiwa asirudi tena. Mwenyekiti alimvutia kiti. Za kufua hatukuwa nazo, kwa sababu sisi tulishona nguo mpya tu.