Kuku wa Baba Siku ya Mavuno

Jumapili ya mavuno kanisa letu lilinuka dagaa, michembe ya viazi na kinyesi cha kuku. Kijiji chetu kiko ufukweni mwa ziwa, upande wa Misungwi, na wasio na fedha walileta walichonacho: viazi vilivyokaushwa, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vyote vilinadiwa nje, na desturi ilikuwa mnunuzi mwenye uwezo alipe kisha arudishe alichonunua, kinadiwe tena. "Kutoa ni moyo, si utajiri," alituhimiza mzee wa kanisa aliyesimamia sadaka, na akina mama walipiga vigelegele. Mwaka ule nikiwa darasa la tatu sikufurahia chochote. Nilikuwa naogopa.

Wiki chache kabla, jirani yetu Mzee Mabula alifariki, na kanisa halikuja kumzika kwa kuwa kwa miaka mingi hakutoa kitu. Hapakuwa na kwaya wala mchungaji. Wanaume walishusha jeneza kimyakimya, nikasikia udongo ukidondoka juu ya mbao, pu, pu, na mjane akijaribu kuanzisha wimbo peke yake, sauti ikimkatika. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alisema, "Mmejionea wenyewe. Mkono mtupu haulambwi." Mama aliinamisha kichwa, maana baba naye hakuwa mtoaji. "Mungu hali kuku," baba alizoea kusema. "Anayekula ni mchungaji."

Kisha baba akaugua homa. Alitetemeka chini ya mablanketi, akiita kwa majina ng'ombe waliokufa zamani, nami nikisimama mlangoni kusikiliza kama bado anapumua. Niliogopa afe, na zaidi niliogopa ule udongo usio na wimbo. Nilikuwa na tetea mmoja niliyepewa na bibi, ndiyo kwanza ameanza kutaga. Siku ya mavuno nilimbeba kwapani hadi kanisani, moyo wake ukidunda kwenye mbavu zangu, na wangu ukidunda zaidi.

"Kuku wa nani huyu?" aliuliza mnadishaji.

"Wa baba!" Nikalitaja jina lake lote, kwa nguvu, ili mzee wa kanisa asikie.

Tetea alinunuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, na kila mara jina la baba likatangazwa. Wiki ile ile baba akapona. Alipomkosa kuku uani na kuambiwa habari zake, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, umenilipia kaburi ningali hai?" Mama alisema zilizomponya ni sindano za zahanati, na mchungaji mwenyewe akasema hivyo hivyo. Mimi niliamini ni kuku.

Siku hizi naishi mjini, Mabatini, nauza vitenge, na katika kanisa letu hakuna anayetishwa kwa kaburi. Mchungaji ni kijana mpole, hutuomba tu, na namba ya kutumia sadaka kwa simu imebandikwa ukutani. Ni rahisi kuliko kubeba kuku. Lakini nyumbani kwangu akiugua mtu, mimi hutuma sadaka kwanza, ndipo nitafute dawa. Mwezi uliopita binti yangu aliamka mwili unachemka. Bodaboda ya kutupeleka hospitali ilikuwa inapiga honi mlangoni, nami nimesimama na simu nikituma sadaka, nikikosea namba ya siri. Binti yangu alinitazama kutoka kitandani, macho yamemtoka.

"Mama," akaniuliza, "kwani nakufa?"