Mizimu ya Kijapani Ghorofa ya Tatu

Juzi nilikuwa na shughuli zangu mjini Hopkins, nikashtukia nimekata kona na gari limesimama mbele ya lile jengo la matofali tulilofikia tulipoletwa ughaibuni kutoka kambi ya wakimbizi. Nikainua macho hadi dirisha letu, ghorofa ya tatu. Kuna pazia geni. Ndugu yangu, nikajikuta naangalia saa kama mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani.

Wewe hukuijua ile nyumba. Wakati wa baridi mama aliziba madirisha kwa nailoni, hata nje tukawa hatuoni vizuri. Mabomba ya joto yaligonga ukutani mchana kutwa. Tukipika sombe, yale majani ya muhogo, na dagaa wetu wa ndakala, jirani wa mbele alikuwa anasukumia taulo chini ya mlango wake harufu isiingie, na bibi alicheka sana nilipomwonyesha. Mama alifanya kazi ya kuhudumia wazee, shifti mbili, akiogesha mama za watu huku mama yake amefungiwa ndani.

Ndiyo, amefungiwa. Tulipokuwa wageni bibi alishuka peke yake kuota jua. Kurudi, milango yote inafanana. Akaona mmoja umeegeshwa tu, akapiga hodi kama kwetu, akaingia, akaketi kwenye kiti kungoja wenyeji. Mwenyeji akatoka kuoga akiwa na taulo kiunoni, akamkuta mwanamke wa vitenge anamwamkia. Polisi walikuja. Msimamizi wa jengo akasema likitokea tena, tutahama. Tangu siku hiyo mama alimwambia, "Mama, nakuomba, usivuke huu mlango." Na mimi nikitoka shule, moja kwa moja ndani, na kufuli juu. Funguo tulikuwa nazo wenyewe, lakini tulikuwa wafungwa tu, mimi na bibi, tukichambua maharage.

Kilichotuokoa ni mizimu ya Wajapani. Mwalimu wetu wa kusoma alikuwa amewahi kufundisha kule, na Ijumaa alitusimulia: msichana anayeishi chooni shuleni, handaki ambalo ukipita gari linabaki na alama za viganja, hospitali iliyoachwa ambamo taa huwaka zenyewe. Nikifika nyumbani namsimulia bibi kwa Kiswahili. Mama asisikie, maana kwake hayo yote yalikuwa ya shetani.

Bibi hakuogopa hata kidogo. Nilipomsimulia yule mwanamke aliyeziba mdomo, anayekusimamisha njiani kukuuliza kama yeye ni mzuri, na ukisema ndiyo unakufa, ukisema hapana unakufa, bibi akaniuliza, "Sasa watu wanaponaje?" Nikamwambia, unamjibu, uko kawaida tu, anachanganyikiwa, unakimbia. Bibi alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Kawaida! Weye mke mwenzangu, hata miye ningechanganyikiwa!"

Ijumaa moja nikamletea habari ya wale wanaokufa na jambo moyoni. Hawaendi popote. Wanabaki palepale walipofia, ngazini, chumbani, miaka na miaka, hawaijui njia ya kutoka. Nilitegemea atacheka. Bibi akaweka sinia chini.

"Na miye nikifia humu ndani?"

Nikamwambia ni hadithi tu, bibi, za Wajapani.

"Mujapani si mutu?" Akaangalia ile nailoni dirishani. "Kwetu ningejua njia. Humu sijui hata mlango wa nje uko upande gani. Nitabaki nazunguka na haya mabomba. Unifundishe njia."

Nilikuwa na hofu ya mama, ya msimamizi, ya polisi. Lakini ungemwona uso wake! Nikamfundisha. Kila siku, kabla mama hajarudi, tulishuka kwa ngazi, kwa sababu lifti aliikataa, alisema ni sanduku. Alipapasa ukuta akisema kwa sauti: hapa kona, hapa harufu ya sabuni ya kufulia, hapa mlango mzito, sukuma kwa bega. Tukifika nje anavuta hewa ya baridi, anakohoa, anasema "Aksanti, Mungu wangu," tunarudi. Tulifanya hivyo hadi akanipita mbele, akawa ananiongoza yeye.

Alifariki Februari, mchana, kwenye kiti chake, mama akiwa nyumbani siku hiyo. Wanaume wawili wa shughuli za mazishi walikuja na kitanda cha magurudumu, wakakielekeza kwenye lifti. Mama akasimama mlangoni pa lifti akatanua mikono. Wakamweleza kwa upole kwamba ngazi ni nyembamba. Mama akasema kwa Kiingereza chake, hapana, ngazi. Kisha akanigeukia mimi: "Si ndiyo njia anayoijua?"

Kumbe alijua siku zote, akanyamaza.

Wakambeba kwa mikono. Na mama yangu, mama wa maombi, aliyekemea mizimu kila Jumapili, alitangulia mbele akiongea na maiti. "Mama, huku. Tunakata kona. Shikilia ukuta, mama. Sasa mlango mzito." Akausukuma kwa bega, theluji ikaingia ndani.

Siku hizi mama ana nyumba yake, madirisha makubwa, haina ngazi. Mabinti zangu wananielewa Kiswahili lakini wananijibu Kiingereza, na hadithi za kutisha wanazipata wenyewe kwenye simu, kila mmoja na masikio yake amefunika. Hakuna anayeniuliza, sasa watu wanaponaje?

Juzi nilishuka garini, nikafika mpaka mlango ule mzito. Hakuna mtu. Nikaona haya, lakini nikaita polepole, "Bibi?"

Hayumo. Alitoka, kama alivyotaka, na mimi nilipaswa kufurahi. Nikabaki pale nimeweka mkono mlangoni, nalia, maana nilikuwa nataka aniitikie.