Ulevi wa Mama

Kila mwaka, nikifika kwenye somo la kingamwili, wanafunzi wangu huku chuoni Kesses hudhani nimeshikwa na mafua. Nasita, napenga kamasi, naangalia nje dirishani, kisha naendelea kana kwamba hakuna kitu. Sijawahi kuwaambia kwamba hapo katikati ya somo huwa nasikia cherehani ya mama.

Tulikaa Kimumu, enzi hizo Kimumu ikiwa mashamba ya mahindi yenye nyumba chache ndani yake. Baba alikuwa na duka. Ndani kulikuwa na picha ya rais juu ya rafu ya sabuni na redio iliyowashwa kwa taarifa ya habari tu, kwa sababu betri zilikuwa ghali na baba alikuwa mkono wa birika. Nje, kwenye veranda, mama alikaa na cherehani ya kukanyaga. Nikitoka shule nilimletea pakiti yangu ya maziwa ya Nyayo, yale tuliyogawiwa shuleni, nikiwa nimeinywa nusu, naye aliimalizia bila kuondoa macho kwenye kitambaa. Mimi nilikaa chini ya meza nikiokota pini kwa sumaku. Mwezi wa saba, ukungu ukifika mpaka mlangoni na watu wakitembea wamekunja mikono kwapani, cherehani ilienda bila kukwama tangu asubuhi hadi jioni. Ningepewa nafasi ya kurudi siku moja tu ya maisha yangu, ningerudi hapo chini ya meza.

Alishona sare za shule, na alishona vitambaa vya kijani vya chama cha akina mama wa kanisani. Kitambaa hicho hukukinunua ukajivalia. Ulifungwa nacho kichwani na mwenyekiti wa chama mbele ya kanisa zima, na ukianguka dhambini ulivuliwa. Dhambi iliyowavua wengi ilikuwa pombe. Mama alikuwa ameokoka kiasi cha kuchosha watu. Hata uji uliochacha alikataa kuuonja, akisema ulevi unaanza hivyo hivyo.

Ugonjwa ulianzia mguuni. "Mguu umelala," alikuwa akisema, na kuupiga ngumi. Kipindi cha baridi haukumsumbua sana. Lakini ikifika Januari na Februari, jua likipanda, mguu ulipoteza mahali kikanyagio kilipo. Mshono ulienda kombo, ulimi ukawa mzito, na akiinuka kwenda jikoni alipitia ukutani. Usiku ukipita na baridi ya alfajiri ikiingia, aliamka mzima. Asubuhi mzima, mchana anapepesuka: watu wa Kimumu hawakuhitaji daktari kuwaelezea jambo hilo. Tena baba aliuza sukari nguru, na kila mtu alijua sukari nguru haiendi kwenye chai. Inaenda mtoni kupika pombe haramu ya chang'aa.

Minong'ono ilikuwepo tayari, lakini kilichommaliza ni kura ya mlolongo. Mwaka ule watu walipiga kura kwa kujipanga nyuma ya picha ya mgombea wao, mchana kweupe, katika uwanja wa shule, mwezi wa pili jua likiwa utosini. Mama alijipanga nyuma ya baba. Watu walipokuwa wakingoja kuhesabiwa, alianza kuyumba. Alitoka kwenye mstari wetu, akavuka uwanja kwa hatua za kwenda upande, akaangukia kifua cha mzee mmoja mnene katika mstari wa mgombea mwingine. Mzee yule akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mama! Huku ndio kwenyewe!"

Uwanja mzima ulicheka, chifu akiwemo. Baba hakucheka. Aliacha mstari wake akaenda kumchukua mke wake, hivyo mgombea wetu akapoteza kura zote mbili.

Jumamosi iliyofuata, mchana, wazee wa kanisa walikuja nyumbani pamoja na mwenyekiti wa akina mama. Mama alijua walichofuata, na alikuwa amejiandaa. Alikuwa amegundua, akifua nguo akiwa amesimama kwenye kijito, kwamba baridi ya maji humrudishia miguu yake. Basi alinituma kisimani nilete maji. Akavua kitambaa chake cha kijani, akakikunja na kukiweka kwenye benchi, akatia miguu ndani ya karai na kujifunika kichwa na shingo kwa leso iliyolowa. Wageni wakanywa chai yao wakimwangalia bila kuelewa. Baada ya muda akasimama, akatembea hadi kwenye ua wa kayaba, akageuka, akarudi amenyooka. Alikuwa anatabasamu. Mimi nilisimama mlangoni nikitaka kupiga makofi.

Mzee mmoja akaweka kikombe chini polepole. "Asante, mama fundi. Sasa sisi wote tumejionea. Mtu hajakunywa, hiyo maji ingemsaidia na nini?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo, mama wala mimi. Kila mtu Kimumu alijua mlevi humwagiwa maji baridi ili apate akili ya kufika kwake. Alikuwa ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, kwa mikono yake, kwa karai letu.

Mwenyekiti alikichukua kile kitambaa kutoka kwenye benchi. "Ukitubu, tutakurudishia."

"Nitubu nini?"

"Hiyo ni wewe unajua."

Nilikasirika siku ile, na bado nina hasira. Mama hakugombana. Jumapili alienda kanisani na leso ya manjano ya sokoni, akaketi nyuma. Na siku za wiki aliendelea kuwashonea wenzake vitambaa vya kijani, kwa sababu walikuwa wameagiza.

Baridi ya mwaka huo ilipofika, tukangoja apate nafuu kama kawaida. Badala yake aliamka asubuhi moja akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Jicho moja lilikuwa linaona kama kupitia mvuke wa sufuria. Baba akafunga duka, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya mazishi ya mama yake, akampeleka Nairobi. Huko daktari aliita madaktari wenzake waje kumtazama kwa zamu, kama bibi arusi, kwa sababu ugonjwa wa multiple sclerosis walikuwa wameusoma tu vitabuni. Alimweleza baba kwamba kinga ya mwili wa mama imegeuka na kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Mishipa iliyovuliwa utando bado hupitisha ujumbe, ila joto likipanda ujumbe hupotea njiani. Dawa ya kuuponya hakuna.

Kuna mengine daktari yule hakuweza kumwambia, kwa kuwa yalikuja kujulikana baadaye. Kwa kawaida kingamwili hushika tu: hukamata kijidudu na kukiachia askari wengine wa mwili wakimalize. Lakini zimepatikana kingamwili zinazofanya kazi ya kimeng'enya, kama vile vinavyosaga chakula tumboni, zenye makasi yake, na katika damu ya wagonjwa kama mama zimeonekana zinazokata protini ya utando ule wa mishipa. Zinakata, zinaachia, zinashika nyingine. Kama ndizo zinazoleta madhara au ni alama yake tu, bado tunabishana. Hapo ndipo huwa napenga kamasi. Nawaza jinsi angefurahi, fundi wa nguo, kuambiwa kwamba palikuwa na mtu mwingine ndani yake mwenye makasi, na kwamba si yeye aliyekuwa akikata kombo.

Baba hakuwa mtu wa kanisa. Aliingia humo kwa harusi na matanga. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kutoka Nairobi aliingia bila kuitwa, na ulipofika wakati wa ushuhuda akasimama na kofia mkononi.

"Mke wangu hajawahi kuonja pombe," alisema. "Mwili wake ndio unajikula. Daktari ameniambia. Nyinyi mlimvua nguo."

Akaketi. Hakuna aliyesema Bwana asifiwe.

Wiki hiyo walikuja tena, wazee wale wale na mwenyekiti, mchana wa jua. Mwenyekiti alikuwa amekipiga kitambaa pasi, akakishika kwa viganja viwili kama sahani. Mama alikuwa kwenye kiti chake verandani. Alikipokea, akakigeuza, akaangalia pindo kwa jicho lake zima, akiutambua mshono wake. Kisha akanipa mimi.

"Kakiloweshe na maji ya kisima."

Nilikileta kikitiririka. Akakifunga kichwani hivyo hivyo, maji yakimshuka shingoni na kulowesha blauzi, akashika ukuta, akasimama.

"Haya," akawauliza, "nitembee tena, ama mmeona?"

Mwenyekiti akaanza kulia, na mama akanituma nikamletee chai.