Samaki wa Mayu

Nakumbuka siku niliyomwambia mama yangu kwamba samaki wake bado. Neno moja tu, mwanangu, na nililisema nikicheka.

Usidhani mimi ni msafiri. Nikienda Maswa tu, naanza kukiwaza kitanda changu cha Bariadi kabla basi halijatoka stendi. Nchi ya watu nimefika mara moja, Kisumu, nikiwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, kwaya yetu ilipoalikwa harusini. Huko nikagundua hoteli ndogo karibu na ziwa: viti vya plastiki, sato mzima wa kukaanga, ugali na ndimu. Nilikula pale siku tatu mfululizo. Kurudi nyumbani, ungedhani Kisumu nimeijenga mimi.

Jioni ya kwanza Mayu, ndivyo tunavyomwita mama huku, alinitengea michembe, viazi alivyovikausha mwenyewe, akavipika na karanga. Alikuwa ameificha juu ya kabati wadogo zangu wasiimalize. Nikaisogeza pembeni. "Mayu, wenzetu kule wanakula samaki." Akaila yeye.

Mama yangu alikulia Mwamapalala, kwenye ng'ombe. Samaki hakuwahi kumla. Harufu yake tu ilimchefua. Lakini siku ya mnada alinunua sato kwa akina mama wa Lamadi, kule ziwani, akamkaanga huku amejifunga khanga puani, kisha akasimama mlangoni kunitazama nikila.

"Amefikia wa Kisumu?"

"Bado kidogo, Mayu."

Nilikuwa namtania. Samaki alikuwa mtamu, ila kijana aliyevuka mpaka atakubalije kwamba cha kwao kimetosha? Basi kila mnada akanunua, akaongeza ndimu, akapunguza moto, akauliza. Nami: bado. Miaka ikaenda hivyo, nikidhani ni mchezo wetu wawili. Mwishoni mikono ilimtetemeka, mafuta yakamrukia, na bado aliuliza. Nilikuwa nimepanga kumjibu Pasaka, nimshangaze mbele ya watu. Tulimzika wiki moja kabla.

Michembe yake sikuionja tena tangu ile jioni.

Nenda, mwanangu. Kula vya watu, visifu, mimi sikukatazi. Ila ukirudi, anza na ulichotengewa, na kikiwa kitamu sema hapohapo, vidole vikiwa bado na mafuta. Usimlaze mtu na swali ambalo jibu lake unalo mdomoni. Mungu akupeleke salama, akurudishe salama, na anayekungoja umkute bado anaweza kukusikia.

Haya yote nilimweleza Mama Kulwa, jirani yetu, baada ya matanga, nikitarajia pole. Hata ungo wa mchele hakuuweka chini. Akasema: "Mama yako aliniuliza mpaka yuko kitandani, 'Hivi Kisumu wanaweka nini?' Nikamwambia hawaweki kitu, mwanao ndiye hana shukrani. Akaninunia mimi mpaka anakufa. Wewe hakukununia hata siku moja."