Magadi Shambani

Bado naikumbuka siku ile nilipoamua kupika maharagwe yangali shambani.

Usicheke kwanza, mwanangu. Tulikuwa yatima, nami nilikuwa mkubwa; niliacha shule mapema ili wadogo zangu, Mugo na Nyambura, wapate kula. Tuliishi kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Ziwa Nakuru, na kipande tulichopewa kulima ndicho kilichotulisha. Kuni zilikuwa mbali, na maharagwe makavu hayana huruma. Kila jioni nilitia magadi kidogo chunguni ili yaive upesi. Nikawaza: yakinywa magadi tangu udongoni, si yatavunwa laini tayari? Nikaokota gunia zima la magadi, ile chumvi ya ziwani, ufukweni, nikamwaga shambani kwa maringo ya bwana shamba.

Udongo ukafanya ukoko mweupe. Maharagwe yakageuka manjano. Na uyoga, mboga yetu ya bure kila mvua iliponyesha, ukatoweka. Aliyefurahi ni ng'ombe wa jirani tu, aliyekuja kuramba matuta yangu.

Mwenye ng'ombe, Nyanya Tabitha, alimfuata. Akauonja udongo kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Wewe msichana, hii ni shamba ama ni supu?"

"Nilitaka yaive haraka, Nyanya."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafukua majani yaliyooza mpakani, akanionyesha nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui.

"Huyu ndiye mama ya uyoga. Ndiye anapikia udongo chakula. Na wewe umemtia chumvi machoni!"

"Hata sisi hutupikia hivyo hivyo," Mugo akadakia.

"Nyamaza, leta karai!" nikamfokea.

Tukachimba mfereji ili mvua ioshe chumvi. Tukabeba majani makavu na samadi iliyooza, ya ng'ombe yule yule mramba matuta. Msimu huo tulikula kwa Nyanya. Mtaka cha mvunguni huinama, nami niliinama sana. Mvua zilizofuata, Nyambura akaja mbio akipiga kelele: "Dada, mama ya uyoga amezaa!"

Basi mwanangu, kinacholainisha chunguni huweza kuua shambani. Kabla hujaulisha udongo, jua kwanza walio ndani yake wanakula nini. Ukikosea, osha, tia samadi, ngoja.

Mungu akupe mvua ya kiasi, uyoga usio na sumu, na jirani wa kukucheka usoni kisha akupe chakula. Na magadi yabaki jikoni.