Mume Wangu Anasifiwa kwa Chesi Ninayocheza Mimi

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, kwa sababu kazi ya mume wangu inategemea hilo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na mmoja. Nilizaliwa Ishiara, nikaolewa Meru, na tunaishi nyumba ya kupanga karibu na mji. Nafuma sweta za shule kwa mashine. Mume wangu, ambaye nitamwita Baba Kendi, ni karani katika mradi wa maji. Hanipigi, halewi, na mshahara huufikisha nyumbani. Ndiyo maana nimekaa kimya, maana nikisema nina shida watu watanicheka.

Shida yenyewe ni mchezo wa chesi. Nilifundishwa na sista aliyetusomesha hisabati sekondari, nami nikamfundisha mume wangu tulipooana. Hajawahi kunishinda hata mara moja. Mwaka juzi ofisi yao iliwekewa mtandao wa kompyuta, ule unaopitia laini ya simu, na mkurugenzi wao anayependa sana chesi akawaandikisha wafanyakazi katika kilabu cha huko mtandaoni. Unacheza na watu wa nchi yoyote. Ukishinda alama zako zinapanda, ukishindwa zinashuka. Alama hizo ziko aina mbili na hazichanganywi: za mchezo wa haraka, ambapo una dakika tano za mchezo wote, na za mchezo wa polepole, ambapo una siku tatu za kufikiria kila hatua.

Hizo siku tatu ndizo zilizoniponza. Baba Kendi alianza kuchora ubao kwenye karatasi, akaitia mfukoni mwa shati na kuja nayo nyumbani saa ya chakula cha mchana. "Mama Kendi, hebu angalia hapa. Wewe ungesogeza gani?" Naacha sweta, naangalia, namwambia, anaandika, anamaliza githeri yake na kurudi kazini. Mwanzoni nilifurahi. Nilijiona kama tunafanya kitu pamoja.

Kabla mwaka haujaisha, alama zake za polepole zilikuwa zimezipita hata za mkurugenzi. Zile za haraka, ambazo lazima acheze mwenyewe papo hapo, zilibaki mkiani. Wenzake wakamtania, naye akawajibu kwamba yeye ni mtu wa kufikiri, hapendi pupa. Mkurugenzi alilipenda jibu hilo. Akamfanya msaidizi wake, eti kichwa kama hicho si cha kupanga faili. Kanisani kina mama wananiambia nimebahatika kuolewa na mtu mwenye akili. Natabasamu tu, na moyoni naumia.

Jumamosi moja nilimpelekea funguo alizosahau nyumbani. Alikuwa peke yake ofisini. Nikamsihi aniache nicheze mchezo mmoja tu wa haraka kwa jina lake, akakubali. Nilicheza na mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, hakuna karatasi wala mfuko wa shati kati yetu. Nilimfunga mfalme wake saa yangu ikiwa imebakiza sekunde chache. Tangu nitoke shule sikuwa nimefurahi namna ile.

Mlango ukafunguka, mkurugenzi akaingia. Baba Kendi alinishika bega nikasimama, akakikalia kiti. "Nilikuwa namfundisha mama watoto," akasema.

Mkurugenzi akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Kumbe siku hizi hata ya haraka unashinda? Hiyo tu ndiyo ilikuwa inanifanya nisite." Akamweleza kwamba mwisho wa mwezi ujao kuna mgeni wa wafadhili anakuja, mchezaji hodari, na Baba Kendi ndiye atakayecheza naye ana kwa ana mbele ya wafanyakazi wote, dakika thelathini kila mmoja. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, endelea kujifunza. Uko na mwalimu mzuri."

Nikajibu, "Asante."

Tulipokaribia nyumbani mume wangu akanigeukia. "Umeniharibia. Nani alikuambia ushinde?" Kisha akaongeza, "Na hata hivyo ulibahatisha tu."

Neno hilo liliniuma kuliko yote, na bado linaniuma.

Wiki iliyopita alikuja na mpango. Siku ya mgeni, mimi ndiye nitakayepika na kuandaa chai. Nikiweka kikombe kulia kwake, atasogeza farasi. Nikikiweka kushoto, atasogeza malkia. Nikamwambia vikombe haviwezi kusema yote hayo.

"Basi utakohoa," akasema.

"Baba Kendi, si useme tu ukweli."

"Nikisema, narudi kwa faili ama nafutwa kabisa. Hizo sweta zako ndizo zitasomesha watoto? Na hiyo aibu, mimi niiweke wapi?" Kisha akalia. Miaka tisa ya ndoa sikuwa nimemwona akilia, na nilimhurumia kweli.

Nikiibeba hiyo chai na akashinda, ataitwa tena, nami nitazeeka nikibeba sinia. Nikikataa, ataumbuka mbele ya watu na watoto wangu watakula hiyo aibu. Nikisema ukweli, nimeivunja nyumba kwa mikono yangu. Naamka na shida hii, nalala nayo, sioni mlango wa kutokea.

Jana nilidhani nimeupata. Alipoleta karatasi yake ya mchana, niliamua kumpa hatua mbaya, alama zianze kuporomoka mapema ili mkurugenzi abadilishe nia kabla mgeni hajafika. Niliiona kabisa hatua ya kumpoteza. Lakini niliiona pia ile nzuri, ambayo mpinzani wake hangeweza kuijibu. Nilishika penseli mpaka chakula kikapoa. Nikampa ile nzuri.

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akarudi kazini.

Wasomaji wenzangu, nisaidieni mawazo. Siku hiyo ikifika, nishike sinia au nivute kiti?